Mi sio "si upo tu", mi niko kazini

Ndugu Mhariri,

Salaam sana. Naandika kutoka Bagamoyo, Magomeni, na naomba uniwie radhi mapema kama barua itakuwa ndefu maana hii kitu imenikaa kooni tangu mwezi uliopita na nikimwambia mke wangu ananiambia haya basi andika gazetini, mi nshasikia mara saba.

Mwezi uliopita nilienda ofisi moja, sitaitaja, kujaza fomu. Fomu za kawaida tu, jina, mtaa, namba ya NIDA, halafu kuna sehemu imeandikwa KAZI. Nikaandika mchoraji. Nikampelekea dada wa dirishani, akasoma kutoka juu mpaka pale, akaniangalia, akaniuliza kwa upole kabisa, "Sawa kaka, lakini kazi unafanya wapi?" Nikamwambia hiyo ndo kazi dada, nachora. Akatabasamu. Akachukua peni yake, akalikata neno langu kwa mstari mmoja umenyooka utadhani kapimia rula, juu yake akaandika "mjasiriamali". Nikamwambia aa jamani mi sio mjasiriamali, akanijibu "kaka angu mi nakusaidia, ukiacha hivyo watakurudishia".

Na kweli haikurudi. Ilipita vizuri tu. Ndo kinachoniuma, maana yule dada hakuwa na ubaya hata kidogo, alinisaidia, na kwa miaka kumi na sita ambayo nimekula na kulisha watoto kwa brashi kila mtu amekuwa ananisaidia hivyohivyo.

Nyumbani kuna neno moja, "si upo tu". Wewe si upo tu, fundi bomba akija mfungulie. Wewe si upo tu, mwangalie mtoto hapo nakwenda sokoni mara moja (mara moja ya huku kwetu unaijua, masaa mawili). Wewe si upo tu, nisindikize hospitali. Jirani yangu mmoja mwalimu, mtu mwema sana, ananiachia funguo za nyumba yake kila siku za kazi kama vile mi ndo mlinzi wa mtaa, na siku moja nilipotoka kwenda Dar kununua rangi akarudi akakuta sipo, akanununia siku mbili.

Sasa naomba nikueleze siku moja tu uone.

Nilikuwa na oda ya picha ya jahazi, mita moja kwa sentimita sabini, mteja anataka machweo, mbingu iwe inaungua kabisa. Mi natumia rangi za mafuta za makopo, hizihizi za kupakia madirisha, kitambaa cha marekani nimekivuta kwenye fremu na kukipaka rangi nyeupe ya maji kwanza ili kisinywe rangi. Mbingu ya machweo unaianza chini na njano, juu yake chungwa, juu zaidi nyekundu inayokwenda kwenye zambarau, na ujanja wote uko pale rangi mbili zinapokutana, unatakiwa uzichanganye palepale kwenye kitambaa zikiwa mbichi, unavuta brashi pana kavu kwenda na kurudi taratibuuu mpaka mtu asijue njano imeishia wapi. Una kama dakika ishirini hivi, jua likiwa kali ni chini ya hapo. Rangi ikianza kuvuta, yani ikianza kunata, basi, ukigusa inaacha mistari kama mtu kapitisha chanuo.

Niko hapo katikati, njano imeshakaa, chungwa nimeipiga, nashika brashi nianze kuzioanisha. Hodi. "Wewe si upo tu, njoo unishushie mtungi wa gesi kwenye bajaji." Nikasema shangazi subiri kidogo. Kimya. Halafu nasikia anamwambia dereva wa bajaji, "ngoja, kuna kijana hapa anachezea rangi."

Nikaenda. Ningefanyaje, shangazi wa watu ana mgongo. Nikashusha mtungi, nikaulizwa hali ya mama, nikajibu, nikaambiwa maji yamekatika tangu jana, nikasema eeh, nikarudi mbio. Mbingu imevuta. Nilichukua tambara na mafuta ya taa nikafuta yote, kitambaa kikaloa, nikasubiri siku mbili kikauke kwa sababu ilikuwa masika na masika ya huku hata kanga kwenye kamba haikauki. Siku ya tatu nikaanza upya, na jioni yake nzi watatu wakatua kwenye zambarau wakafia humo, nikawatoa mmoja mmoja kwa sindano ya kushonea. Mteja akanipigia kuuliza mbona umechelewa. Ningemwambia nini, gesi?

Yule shangazi angenikuta naendesha daladala asingenisimamisha barabarani nikashushe mtungi. Angenikuta na mashine ya kukoboa angepita kimyakimya. Ila mtu amekaa kivulini na brashi, hiyo kwa macho ya wengi ni mapumziko.

Nilipotaka kuoa ndo nikajua mpaka ndugu zangu wenyewe hawaniamini. Mshenga wangu alikuwa ba'mdogo wangu, mtu mzima, anajua maneno, akaenda na barua na kitambaa chake kama inavyotakiwa. Akapokelewa, akakaribishwa mkekani, kahawa ikaja na kashata, na wazee wa upande ule wakauliza lile swali la siku zote, kijana anashughulika na nini? Ba'mdogo akawajibu, "Yuko kwenye mambo ya ujenzi." Mambo ya ujenzi! Nikaja kuyajua hayo wiki tatu baadae baba mkwe aliponipigia simu kuniuliza bei ya nondo za milimita kumi na mbili. Nilisimama pale nimeshika simu jasho linanitoka, nikamwambia mzee ngoja nikuulizie. Nikaenda hadwea kweli nikamuulizia, nikampa bei, akashukuru. Mpaka leo Mhariri nikienda ukweni naulizwa habari za simenti. Mke wangu anajua ukweli, mama mkwe nadhani anajua pia maana kuna picha yangu ya kasuku kaitundika sebuleni, ila mzee bado ananihesabu fundi na mi nimeogopa kumsahihisha, tuna watoto wawili sasa.

Nilimfuata ba'mdogo nikamuuliza kwanini. Akaniambia kitu ambacho sikuweza kukijibu palepale. Akasema, "Wewe unajiona nani? Shaaban Robert mwenyewe alikuwa karani." Ni kweli. Mzee Shaaban Robert alizaliwa kule Vibambani, Tanga, mwaka 1909, na tangu 1926 mpaka 1944 alikuwa karani wa forodha, akaja akahamishiwa idara nyingine za serikali ikiwemo ofisi ya wilaya kule Tanga, yani karibu maisha yake yote amekula mshahara wa ofisi na vitabu vyake vingi tunavyovisoma shuleni aliviandika akiwa na mwajiri. Ba'mdogo anamtumia kama ushahidi kwamba sanaa ni kitu cha baada ya kazi. Nimekaa nalo hilo muda mrefu, na siku hizi ndo nina jibu, ila ba'mdogo hataki tena kulizungumza. Jibu langu ni kwamba yule mzee amefariki 1962 akiwa na miaka hamsini na tatu tu, na miaka mingi ya hiyo asubuhi zake zilikuwa za makaratasi ya watu wengine. Wewe unaona vitabu alivyoandika, mi nawaza alivyokosa nafasi ya kuandika.

Halafu hapa hapa Bagamoyo tumeona upande wa pili. Chuo cha Sanaa kimefunguliwa hapa mwaka 1981, hiki ambacho tangu 2007 kinaitwa TaSUBa, na kabla yake kulikuwa na kikundi cha ngoma cha taifa, serikali inamlipa mtu mshahara apige ngoma na acheze, basi. Marehemu mzee Hukwe Zawose, Mgogo wa watu kutoka Dodoma, alikuja akaishi hapa na ilimba zake, zile ala za kupigwa kwa vidole gumba, mpaka anafariki mwisho wa mwaka 2003, kaenda Ulaya huko kapiga, na sijawahi kumsikia mzee yeyote wa Bagamoyo akisema Zawose hakuwa na kazi. Mpaka leo mtaani mwalimu wa chuo anaheshimika, mwalimu huyoo kapita, shikamoo mwalimu. Lakini mwanafunzi wake akimaliza pale, akawa anafanya kitu kilekile alichofundishwa, ngoma ileile, brashi ileile, ila hana hati ya mshahara, huyo ni kijana wa vijiweni.

Kwahiyo nikaona kumbe sanaa haina shida, shida ni mshahara. Nikasema sawa, labda watu wanaogopa kipato kisichotabirika, ni haki yao, mtu anampa binti yake lazima ajue atakula nini. Ila hapo napo kuna kitu hakikai sawa.

Mhariri umewahi kufika pale soko la samaki la Bagamoyo asubuhi? Nenda siku bahari imechafuka. Vyombo vinarudi na ndoo moja ya dagaa, vingine havina kitu kabisa, wameunguza mafuta usiku kucha. Mvuvi hana mshahara, hana mwajiri, kusi likivuma vibaya anakaa wiki nzima anashona nyavu chini ya mti, anacheza bao. Umesikia mtu akimwambia mvuvi tafuta kazi? Umesikia mkwe akificha kwamba kijana wetu ni mvuvi? Mvuvi akirudi mtupu anapewa pole, mi nisipouza picha wiki mbili napewa ushauri. "Kwanini usichukue bodaboda." "Kuna ulinzi kule hotelini wanatafuta watu." Mwaka 2020 ule wa korona watalii walipokatika kabisa nilikaa karibu miezi mitano bila kuuza picha hata moja, nikawa naandika vibao vya saluni na vya mama ntilie, CHIPSI KUKU KARIBUNI, nikawachorea na kuku mwenyewe, na mtaa mzima ukanipongeza kwamba sasa umetulia. Nilikuwa sina raha hata kidogo, mtaa unanipongeza.

Sio kwamba nalaumu watu tu, na sisi tumo. Tena sana. Kuna mwenye nyumba ya wageni aliwahi kunipa advansi ya laki na nusu nimchoree picha nne, hela ikaingia kwenye ada ya mtoto na kwenye mambo mengine ambayo sitayasema hapa, nikamaliza ile kazi baada ya miezi mitatu badala ya wiki tatu, simu zake nilikuwa siangalii hata. Yule mama hajanipa oda tena na akiwaambia wenzie wasanii sio watu wa kuaminika mi sina mdomo. Kuna wenzangu wanafanya hivyo kila siku halafu wanakuja kijiweni kulalamika kwamba sanaa haithaminiwi. Na mchezo mwingine wetu ni ule wa saa kumi na moja jioni, mtalii kapita, asubuhi ulimwambia laki, jioni hujauza na nyumbani hakuna unga, unampa kwa elfu ishirini. Kesho yake anamwambia mwenzie hotelini, mwenzie anakuja na elfu kumi na tano.

Kilichonibadilisha mimi ni daftari. Hakuna semina wala nini, daftari la shule la mwanangu lililobaki kurasa. Nilikaa nikaandika ile picha ya jahazi imenigharimu nini, kitambaa 6,000, fremu kwa seremala 10,000, rangi kwa makadirio 15,000, mafuta ya taa na matambara 2,000, jumla 33,000. Nilikuwa nauza saizi ile kwa 50,000 na najiona mjanja. Inabaki 17,000. Siku za kazi nne. Gawanya mwenyewe, 4,250 kwa siku, saidia fundi anayebeba zege pale kwa mzungu analipwa mara mbili na zaidi na hakuna anayemuuliza lini atatafuta kazi ya maana. Nikaona aah, kumbe hata mi mwenyewe nilikuwa naiona kazi yangu kama kucheza, ndo maana siku zangu sikuzihesabu kabisa kwenye bei, nilihesabu makopo tu.

Siku hizi ile picha ni 130,000 na saa kumi na moja jioni ni 130,000 vilevile. Nimepoteza wateja, sitadanganya. Miezi ya masika, Machi mpaka Mei, kunakuwa kukavu vibaya. Ila nikijumlisha mwaka mzima nauza picha chache na napata zaidi, na NSSF naweka mwenyewe kama mtu aliyejiajiri, ambayo ba'mdogo wangu wa ujenzi hajawahi kuweka hata mwezi mmoja, naomba hilo lisomwe vizuri.

Lakini bei haikumaliza ile kitu nyingine, ya kuitwa ufanye bure. Wiki kama tatu kabla ya tamasha la pale chuoni mji unachangamka, wageni wanakuja, na ndo simu za ajabu zinapoanza. Mwaka juzi kuna mtu wa hoteli, sitaitaja pia, akaniita nimchoree ukuta wa mapokezi, upana mita nne, kwenda juu mita mbili na nusu. Tukazunguka, akanionyesha, anataka samaki, anataka mnazi, anataka na mwanamke kabeba mtungi, wote wanapenda mwanamke kabeba mtungi. Nikampigia hesabu. Akashangaa kweli, akaniambia "Lakini hapa utapata kujulikana, wazungu wote watakiona." Palepale pembeni kulikuwa na fundi anaweka marumaru kwenye sakafu hiyohiyo ambayo wazungu wote wataikanyaga. Nikamuuliza, huyu na yeye mnamlipa kujulikana? Fundi akacheka mpaka akaweka mwiko chini. Dili likafa, nikanywa soda yao nikaondoka. Soda niliilipia, kwa hasira tu.

Kinachonishangaza kwenye makaratasi ya serikali sisi tupo muda mrefu. BASATA, yani Baraza la Sanaa la Taifa, imeanzishwa kwa sheria ya mwaka 1984, sheria ya hakimiliki ni ya 1999 na COSOTA, ofisi ya hakimiliki, wako pale kwa ajili hiyo, ukinakili picha yangu ukaiweka kwenye fulana ukauza nina pa kwenda kushtaki. Bunge linajua mi nipo, shangazi wa mtungi wa gesi ndo hajui. Na jina la Tingatinga ambalo mgeni akishuka tu kwenye ndege analitaja, ni jina la mtu, Edward Saidi Tingatinga wa kule Tunduru, kaanza kuchora 1968 kwenye vipande vya hadibodi kwa rangi za baiskeli na 1972 kashafariki kwa risasi ya polisi kwa bahati mbaya. Miaka minne! Kwa miaka minne kaacha kitu kinacholisha familia sijui ngapi hapa Tanzania mpaka leo, na mi sichori hata mtindo wake lakini nauza kwa sababu yake, mgeni anakuja kutafuta Tingatinga anaondoka na jahazi langu.

Juzi nimejaribu kitu. Nimechukua kipande cha ubao nikaandika KAZINI, saa mbili mpaka saa saba mchana, nikakitundika kwenye mwembe pale ninapochorea, herufi nimezipamba kidogo maana sijiwezi. Siku ya kwanza watu walicheka. Siku ya pili yule jirani mwalimu alikuja na funguo zake, akasoma, akasimama kidogo, akaenda kuziacha kwa mama muuza vitumbua. Shangazi yeye alikuja, akakisoma kwa sauti, "Ka-zi-ni", akaniambia kibao kizuri, nichoree na mimi cha MBWA MKALI. Nikamwambia elfu kumi na tano. Akasema ntakuletea mwisho wa mwezi, na kabla ya kuondoka akauliza kama naweza kumshikia kuku wake mara moja.

Nimemshikia, lakini ilikuwa saa saba na robo.

Ombi langu kwako Mhariri ni dogo. Mwaka jana niliwaandikia kuhusu taka za ufukweni mkaitoa, nawashukuru, ila chini ya jina langu mliandika "mdau wa sanaa". Safari hii kama mtaitoa, na kama nafasi ipo, naomba jina mlifiche kwa sababu ya mambo ya ukweni kama nilivyoeleza hapo juu, lakini chini muweke hivi nilivyoandika, msinisaidie.

Mchoraji,
Magomeni, Bagamoyo